Chipu Yetu na Wiki ya Siku Tatu na Nusu

Kazi yangu ilianza Jumanne, saa nane na robo mchana, katika wiki ya pili ya Kidato cha Pili, na ilianza kwa sababu nilikuwa nakimbia mjadala. Darasani kwetu kila Jumanne baada ya chakula kulikuwa na mjadala, na siku hiyo zamu ya kusimama mbele ilikuwa yangu. Nikamwambia mwalimu naumwa na tumbo. Haukuwa uongo kamili. Tumbo langu huuma kweli nikitakiwa kusema mbele ya watu zaidi ya wanne.

Njia ya kwenda chumba cha wagonjwa hupita maabara. Bi. Rukia, fundi wa maabara, alikuwa mlangoni na redio kuukuu iliyofunuliwa tumbo.

"We binti, wenda wapi?"

"Naumwa, Bi."

"Mikono nayo yauma?"

"La."

"Basi njoo unishikie hii."

Nikashika. Sikuiachia mpaka juzi, nilipomaliza mtihani wa mwisho na kurudisha ufunguo. Nina miaka kumi na minane na nimestaafu. Mwenzangu Mkamburi anasema hakuna mtu anayestaafu kabla ya kuota mvi, lakini mimi mvi ninayo moja, nyuma ya sikio, na najua ni chipu gani iliyoniotesha. Nawaandikia nyinyi wa klabu yetu mnaobaki na chumba kile cha kando ya maabara. Vyeo sitavieleza: nilikuwa katibu, kisha katibu msaidizi, kisha katibu tena, na hakuna aliyeona tofauti. Mshahara ulikuwa chai, na sukari tulijiletea wenyewe. Haya ya kazi ndiyo nitakayosema, kwa kuwa kwa mdomo sikuwahi kuwaambia. Nikiwa nanyi nilikuwa najifanya nalehemu.

Chumba mwakijua. Dirisha moja, meza mbili, na panka ambalo huzunguka likipenda. Siku ile ya kwanza Bi. Rukia alinipa chuma cha kulehemu, akaniambia nitoe kila kitu kwenye ubao wa ile redio bila kukivunja. Akanionyesha mara moja tu. "Lehemu huyeyuka, na jasho huanguka," akasema. "Usiache viwili hivyo vikakutana." Nilitoa vipande hadi kengele ya mwisho. Hakuniuliza jina. Nilipoondoka akasema, "Kesho uje na tumbo lako hilo hilo." Nikaenda nyumbani Kibokoni nimefurahi mpaka mamangu akauliza kama nimeokota kitu.

Sheria ya kwanza niliyofunzwa ni ya kisiwa hiki. Chumvi hapa haiko baharini tu, iko hewani, na hewa hiyo hula shaba. Ukiacha waya uliochunwa siku ya Ijumaa, Jumatatu utaukuta umeota ukijani kama mkate uliosahauliwa. Kwa hivyo kabla hujasema kitu kimekufa, kifute. Mswaki wa zamani, spiriti kidogo, subira nyingi. Nusu ya maiti walioletwa chumbani kwetu walifufuka kwa mswaki. Ile kengele ya umeme ya shule iliyokuwa ikilia yenyewe, ikatupa mapumziko mawili kwa asubuhi moja, ugonjwa wake ulikuwa chumvi na sisimizi. Tulipoitengeneza, shule nzima ilitununia wiki mbili.

Mita yetu ya kupimia umeme ilikuwa na mshale unaoganda. Unaipiga ubavuni kwa ukucha ndipo inasema kweli. Koleo ndogo ilikuwa ya nyusi, ya Bi. Rukia mwenyewe, na aliitaka irudi kila Alhamisi. Kioo cha kukuzia kilikuwa na ufa katikati, basi tulijifunza kuangalia kwa pembeni. Nyinyi mna kioo kizima sasa. Ni sawa, lakini sikipendi sana. Ule ufa nimeuzoea.

Mkamburi aliingia muhula wa pili. Kwao ni Taita, lakini amekulia Ganjoni, na babake ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kama hamjawahi kumsikia Mkamburi, basi hamjawahi kupita hata barabara ya nje. Alisema yeye, nikalehemu mimi. Wageni wakija chumbani yeye huwapokea, mimi huenda kutafuta kitu chini ya meza. Mkataba huo ulitufaa sote wawili karibu miaka miwili.

Tulipokuwa Kidato cha Tatu, Bi. Rukia alituletea habari ya chama kimoja cha wahandisi. Walikuwa wanazikaribisha shule chache zichore chipu. Kuchora na kutengenezewa. Nilidhani anatania. Chipu kwetu ilikuwa kitu cheusi chenye miguu, unakitoa kwenye redio ya watu, unakisafisha, basi. Haikunipitia kitwani kwamba mtu huketi akakichora.

Kwa asiyejua, nitasema kama nilivyoambiwa. Chipu ni kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, na juu yake kumechorwa njia nyembamba mno za umeme, zinapandana na kupishana kama vichochoro vya kwetu, na kwenye kila pembe kuna mlango mdogo unaofungua au kufunga. Kutengeneza chipu moja peke yake ni gharama isiyosemeka. Lakini siku hizi sahani moja ya silikoni hugawanywa miraba, na kila kundi hupewa mraba wake, wakachangia tanuri kama watu wanaopeleka mikate yao kuokwa pamoja. Na programu za kuchorea zimekuwa za bure. Mhandisi mmoja aliandika katika ule mwaliko kwamba zamani kazi hiyo ilikuwa ya majengo marefu ya ng'ambo, na sasa yaweza kufanywa na mtu mwenye kompyuta na ukaidi. Kompyuta yetu ilikuwa moja, nzee. Ukaidi tulikuwa nao.

"Mtachora nini?" Bi. Rukia akauliza.

Mkamburi akataja roboti. Bi. Rukia akamtazama tu.

"Saa," nikasema. Wote wawili wakanigeukia, nikaangalia kucha zangu. "Saa ya Kiswahili."

Maana fikirini. Kila saa tunayonunua hapa huonyesha tisa, nasi twasema tatu. Yaonyesha moja, twasema saba. Tangu utotoni tunatafsiri ukutani. Nilitaka saa ambayo jua likichomoza inasema saa kumi na mbili, na mtu akisoma saa moja ni saa moja kweli. Juu yake taa saba ndogo za siku, Jumamosi mpaka Ijumaa. Na kitufe cha mbio, cha kuikimbiza ili siku nzima ipite kwa dakika moja, kwa sababu hakuna mtu anayesimama kutazama saa ikitembea.

Tukagawana. Mkamburi akachukua saa na dakika, mimi nikachukua siku. Kila mmoja akaandika kipande chake, akakijaribu kwenye kompyuta, kisha tukaviunganisha. Nakumbuka ule mwezi kuliko mitihani yote niliyofanya. Umeme ukikatika tulikaa gizani tukisubiri. Mkamburi akiimba vibaya, Bi. Rukia akigonga meza kumtilia ngoma, nje kunanyesha. Wakati ule niliona tabu tupu. Sasa ningetoa ile mvi yangu nirudishwe pale.

Siku ya mwisho kabla ya kupeleka mchoro tuliijaribu saa nzima kwa zamu. Kwanza mimi. Nikaanzisha Jumatatu alasiri, nikaikimbiza mpaka magharibi, nikatazama. Ilipotoka saa kumi na mbili ya jioni kuingia saa moja ya usiku, taa ya Jumatatu ikazima, ya Jumanne ikawaka. Barabara. Nikatia alama. Mkamburi akaja, akaanzisha yake Jumatatu saa tatu usiku, akaikimbiza. Ilipofika saa sita usiku, Jumatatu ikazima, Jumanne ikawaka. Barabara. Akatia alama. Tukaipeleka, tukaenda kunywa madafu.

Mmeshaona? Sisi hatukuona.

Ikapita miezi mingi, nikadhani imesahauliwa. Tulipokuwa Kidato cha Nne ikaja bahasha, ikakwama forodhani. Babake Mkamburi akaenda kuitoa, na sisi nyuma yake na sare zetu. Afisa akafungua, akatoa kijisanduku, ndani yake vipande vitano vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko tende.

"Hapa pameandikwa saa," akasema.

"Ndiyo, afande," Mkamburi akajibu.

"Mishale iko wapi?"

"Haina mishale. Ni ya ndani."

"Saa ya ndani." Akaishika kwa vidole viwili kama mende. "Na mwenyewe ataisoma akiwa wapi?"

Babake Mkamburi, ambaye ametoa kila aina ya shehena pale, magari, mchele, na mara moja farasi, alituambia njiani kwamba hajawahi kuaibishwa na mzigo mdogo hivyo. Lakini alikibeba kile kijisanduku mfuko wa kifuani, na kila tuta la barabarani aliweka mkono juu yake.

Ijumaa ile tukailehemu kwenye ubao. Ikawaka. Bi. Rukia akaenda dirishani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Tukaiweka kwenye majira sawa, saa tisa mchana, Ijumaa, tukafunga mlango tukaenda makwetu.

Jumatatu asubuhi saa ilikuwa sawa, dakika sawa. Taa ya siku ilisema Alhamisi.

"Chipu yenu ina haraka na wikendi," Bi. Rukia akasema.

Tukabonyeza kitufe cha mbio, tukatazama wote watatu. Magharibi, siku ikageuka. Saa sita usiku, ikageuka tena. Magharibi, tena. Saa sita, tena. Wiki nzima ikaisha kwa siku tatu na nusu.

"Mbona yageuka magharibi?" Mkamburi akauliza.

"Mbona yageuka usiku wa manane?" nikauliza mimi.

"Kwa sababu hapo ndipo siku huisha! Dunia nzima!"

"Dunia gani? Jua likitua Alhamisi, si ni usiku wa Ijumaa?"

"Alhamisi usiku ni Alhamisi, Mwanaisha!"

"Kwenu. Kwetu mtu akifa Alhamisi baada ya magharibi, husemwa amekufa usiku wa Ijumaa. Ramadhani huanza usiku. Harusi, hesabu, kila kitu."

"Ngoja. Yaani nyinyi mkienda kulala, mwalala kesho?"

"Na nyinyi mwangoja mpaka mmelala ndipo siku igeuke, nani aone?"

Bi. Rukia aliketi chini. Alicheka mpaka akavua miwani.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Kipande cha Mkamburi kilituma mpigo wa siku mpya saa sita usiku. Kipande changu kilihesabu siku mpya chenyewe jua likitua, na kilipopewa ule mpigo wake kikaupokea kwa adabu, kikaongeza siku nyingine. Kila mmoja alikuwa amejaribu saa yake aliyoijua, akaona inageuka, akaridhika. Silikoni ikishachomwa haifutiki. Mswaki haufai kitu.

Ningecheka mapema zaidi kama isingekuwa barua iliyokuja na ile bahasha. Wahandisi wale walikuwa na mkutano wao mkuu, mwaka huo hapa hapa kisiwani, kwenye ukumbi mmoja upande wa Mbaraki. Kila shule ingepanda jukwaani kuonyesha chipu yake, na baada ya hapo wangechagua chache zitakazopewa mraba kwenye sahani ijayo. Sisi tulikuwa tunaondoka shuleni. Mraba ungekuwa wenu. Na mkuu wa shule alishasema wazi kwamba klabu isipopata mraba, chumba kitarudi kuwa stoo ya madawati mabovu, kama kilivyokuwa kabla. Nyinyi wakati ule mlikuwa mmeanza tu kuja, mnasimama mlangoni mnatazama. Mmoja wenu aliniuliza kama anaweza kushika ile mita. Nilimjibu kwa kumpa.

Mkamburi ndiye aliyesema tuzibe taa za siku. "Tuonyeshe saa na dakika. Hizo ni sawa kabisa. Siku ni mapambo tu."

Nitasema kweli: nilifurahi. Si kwa ajili ya mraba peke yake. Kosa huzaa maswali, na maswali mengine yangenijia mimi. Tukamtazama Bi. Rukia tukingoja atukataze. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ukanda mweusi wa umeme, akauweka mbele yetu.

"Huu hushika vizuri," akasema. "Na kuubandua pia ni rahisi." Akaendelea na kazi yake.

Tukabandika.

Siku ya mkutano ilikuwa Ijumaa. Tulifika asubuhi, sare zimepigwa pasi, mimi nimebeba ubao kwenye sanduku la viatu. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine mpaka meno yakagongana. Watu wengi, suti, kanzu chache, madira mawili matatu ya akina mama wahandisi waliojifunga vitambulisho shingoni. Niliketi mwisho kabisa karibu na mlango.

Hotuba zilikuwa za Kiingereza na nusu zilinipita juu, lakini zile nilizozishika sijaziacha. Mmoja alionyesha milango midogo ya chipu ambayo sasa haijengwi chini tu kama nyumba za udongo, inapandishwa ghorofa kwa ghorofa, mlango unaizingira njia ya umeme pande zote ili usivuje. Mwingine alisema programu sasa hujipangia vichochoro zenyewe usiku kucha, na asubuhi mhandisi huja kukuta njia ambayo hangeifikiria, wala haielewi, lakini yafanya kazi. Watu wakacheka kicheko cha wasiwasi.

Wa tatu ndiye aliyeniharibia mchana wangu. Mzee mmoja mwembamba, sauti ndogo. Alisema siku hizi chipu kubwa haichorwi kama kitu kimoja tena. Huvunjwa vipande, kila kipande hutengenezwa na watu wake, pengine nchi yake, kisha vyote huketishwa ubavu kwa ubavu juu ya kitako kimoja, vikasemezana. Faida zake nyingi, akazitaja. Halafu akasema kwamba kwa umri wake wote amekuta vipande vingi vizima, vimejaribiwa, havina doa, vikiwekwa pamoja vinaumwa. Ugonjwa hukaa mpakani. Nilitazama lile sanduku la viatu magotini kwangu. Nilihisi kama mzee yule amelifungua.

Zamu yetu ilikuwa alasiri. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mhandisi Chebet, mama mfupi mwenye viatu vya raba chini ya suti, na ndiye aliyeongoza kamati ya miraba. Alisema sisi wa shule tuko huru kuongea Kiswahili. Mkamburi akapanda, mimi nyuma yake nimeshika ubao, macho chini. Akaeleza saa ya Kiswahili, ukumbi ukampenda palepale. Akabonyeza kitufe cha mbio: saa zikakimbia, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, zikaanza tena. Wakapiga makofi. Mkamburi akashukuru. Nikaanza kugeuka.

"Swali dogo," akasema Mhandisi Chebet. "Chini ya huo ukanda mweusi kuna nini?"

Mkamburi akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta, na Mkamburi hatafuti maneno. Akanitazama.

Kile kipande kilikuwa changu. Siku zilikuwa zangu. Na nilijua kwamba akijibu yeye atajibu vizuri, atasema ni mapambo, na litapita. Kisha nyinyi mtapewa mraba juu ya saa ambayo hamtaambiwa inaumwa wapi. Sikufikiri kwa ushujaa, msije mkanisifu. Nilikuwa nataka kukojoa. Lakini ukucha wangu ulikuwa umeshaanza kubandua pembe ya ukanda.

"Siku," nikasema. Haikusikika. Mtu akaniletea kipaza sauti, ikawa mbaya zaidi, maana sasa nilisikia pumzi zangu ukumbi mzima. "Chini yake ni siku. Zimekosewa."

Nikabandua wote. Taa ya Jumapili ilikuwa inawaka.

"Leo ni Jumapili," nikasema, na watu wakacheka. Sikukusudia mzaha, ndivyo ilivyokuwa inasema. Nikabonyeza kitufe. Nikawaonyesha magharibi, tiki. Nikawaonyesha saa sita usiku, tiki. "Wiki yetu ni ya siku tatu na nusu. Mwenzangu siku yake huanza usiku wa manane. Yangu huanza jua likitua. Kila mtu alijaribu yake."

Bwana mmoja wa kanzu safu ya tatu akasimama bila kuombwa. "Binti yuko sawa! Siku huanza magharibi!"

"Mhandisi, keti," akasema jirani yake mwenye suti. "Mshahara wako waingia usiku wa manane."

"Waingia, lakini nauona asubuhi!"

Ukumbi ukaharibika. Watu wazima, wenye vitambulisho, walikuwa wanageukiana vitini wanabishana siku huanza lini. Mhandisi Chebet akawaacha kidogo, kisha akagonga meza kwa kalamu.

"Nani kati yenu alitakiwa aandike siku inaanza lini?" akaniuliza mimi.

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Nikafikiri. "Kwa sababu sote tulikuwa tunajua."

Hakucheka. Aliliandika jibu lile kwenye karatasi yake. Yule mzee mwembamba wa asubuhi, aliyekuwa ameketi pembeni, alitikisa kitwa taratibu kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wake mwenyewe.

Sikumbuki tulivyoshuka. Mkamburi alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Nje, kwenye korido, akasema, "Umeua klabu, mwenzangu," kisha akasema, "Lakini umesema! Umesema na kipaza sauti!" akaanza kucheka na kulia pamoja. Bi. Rukia alinipa maji. Nikajua na yeye anahesabu madawati mabovu.

Jioni waliita shule zilizochaguliwa. Yetu ilikuwa ya mwisho, na Mhandisi Chebet hakuisoma jukwaani. Alikuja mwenyewe mpaka tulipokuwa tumeketi.

"Mraba wadogo zenu wanaupata," akasema. "Kwa sharti. Sitaki kuona mchoro hata mmoja kabla sijapata ukurasa mmoja kutoka kwenu. Siku huanza lini, na kwa nani. Msiniandikie mnavyojua nyinyi. Mkaulize watu watakaoitumia hiyo saa. Jumatatu niwe nao."

"Tutauliza, Mhandisi," akasema Mkamburi haraka. "Mimi nitawauliza. Huyu ataandika."

"La," akasema Mhandisi Chebet, akanielekezea kalamu. "Huyu ndiye aulize."

Tukatoka nje. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza.

"Haya," Mkamburi akasema, "Jumamosi imeingia. Kwako."

"Na kwako bado Ijumaa. Una muda zaidi."

"Wallahi nyinyi wawili," Bi. Rukia akasema, "nitawalehemu midomo."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kuze, kwa Mzee Kanti, Mhindi mwenye duka la viungo. Tangu niko mdogo nimenunua kwake kwa kunyoosha kidole: hiliki, kidole, mdalasini, kidole, naye hupima, hunipa, hatujawahi kubadilishana zaidi ya salamu. Alikuwa anafagia kizingiti. Nilipita mara mbili. Mara ya tatu nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiliki?"

"La. Nataka kuuliza. Kwenu siku huanza lini?"

Akaacha kufagia. Nilidhani atanifukuza. Akaegemea ufagio, akanitazama kama mtu aliyesikia paka akisalimu.

"Jua likichomoza," akasema. "Itaanza lini tena? Usiku ni wa jana. Kwani kuna watu huanzisha siku gizani?"

"Wako, mzee."

"Lo! Na wanaonaje wanachoanzisha?"

Nikaandika: jibu la tatu hilo, baada ya langu na la Mkamburi. Mzee Kanti akashuka kizingitini, akaweka kiganja mdomoni ili amwite mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, naye aje aulizwe. Sikumngoja. Nikavuka mwenyewe.